Mfungaji wa pili: pointi zake zinatoka wapi?

Msimu wa usajili ukifika, mjadala wa mashabiki wa kikapu huwa uleule: timu hii ina nyota, sasa imtafutie nani wa kumsaidia kufunga? Majina hutajwa kwa kufuata wastani wa pointi. Huyu ana 20, yule ana 22, basi achukuliwe yule. Mimi wastani huuangalia mwisho. Kabla yake nataka kujua mambo matatu: pointi hizo anazipatia sehemu gani ya uwanja, saa ya mashambulizi (ile inayohesabu kushuka sekunde 24 ambazo timu inazo za kushuti) inakuwa imebakiza sekunde ngapi, na nyota wa timu anakuwa amesimama wapi wakati huo. Mfungaji wa pili anayeipa timu ubingwa ni yule anayefunga mahali ambapo nyota hafiki, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Khris Middleton akiwa na Milwaukee Bucks mwaka 2021.

Turudi nyuma kidogo. Msimu wa 2018-19 Milwaukee walishinda mechi 60 na kupoteza 22, rekodi bora ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) nzima, na nyota wao Giannis Antetokounmpo akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Kwenye fainali ya kanda ya Mashariki waliongoza 2-0 dhidi ya Toronto, kisha wakafungwa mechi nne mfululizo. Msimu uliofuata wakashinda 56 na kupoteza 17, tena rekodi bora, na Miami wakawatoa 4-1 katika raundi ya pili. Ni kweli Giannis aliumia kifundo cha mguu katika mfululizo huo, lakini alipotoka uwanjani kwenye mechi ya nne timu ilikuwa tayari nyuma 3-0.

Kilichowakwamisha ni ukuta. Giannis akipata mpira katikati ya uwanja na kuanza kukimbia, mlinzi wa kwanza hamfuati juu. Anarudi nyuma hadi karibu na mstari wa mitupo huru na kumsubiri hapo akiwa ametanua miguu. Walinzi wawili wa pembeni wanawaacha watu wao nusu, kila mmoja anaweka mguu mmoja ndani ya eneo la chini ya ringi. Nyuma yao anasimama senta, yule mchezaji mrefu wa kulinda ringi. Giannis hakuwa mshutaji wa kutegemewa kutoka mbali, kwa hiyo wapinzani walikuwa tayari kumpa nafasi ya mita 3 mbele yake na kumwomba ashuti. Katika msimu wa kawaida ukuta huu hauonekani sana, kwa sababu hakuna timu yenye muda wa kujiandaa kwa mpinzani mmoja. Kwenye mechi za mchujo timu inacheza na wewe hadi mara saba mfululizo, na kocha wa upande wa pili amelala na kuamka na video zako.

Sasa mtazame Middleton. Ana urefu wa mita 2 na ushei, hana mbio za kutisha, haruki juu kuliko wenzake. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2012 alichaguliwa wa 39 na Detroit, na mwaka uliofuata akapelekwa Milwaukee katika mabadilishano ambayo yeye hakuwa jina kubwa. Anachokiweza ni kushuti kutoka sehemu yoyote huku mkono wa mlinzi ukiwa mbele ya uso wake. Msimu wa 2019-20 alifunga kwa asilimia 49.7 mashuti yote, asilimia 41.5 ya pointi tatu na asilimia 91.6 ya mitupo huru. Sehemu yake anayoipenda ni pembe za mstari wa mitupo huru, yaani palepale ambapo ukuta wa kumzuia Giannis unaanzia. Walinzi waliorudi nyuma kumsubiri Giannis wanakuwa wamempa Middleton shuti lake.

Hebu tulitazame shambulizi moja la aina hii kwa karibu, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo kazi yenyewe. Mwaka 2021 Milwaukee walizidi kugeuza majukumu dakika za mwisho: Middleton anashika mpira, Giannis anakuja kumwekea skrini, yaani anasimama kama kizuizi kwenye njia ya mlinzi wake. Hatua ya kwanza, Middleton anamsubiri Giannis asimame kabisa. Akiondoka mapema, skrini inakuwa ya kusogea na mwamuzi anapuliza. Hatua ya pili, anapita bega kwa bega na Giannis ili mlinzi wake asipate upenyo katikati yao. Hatua ya tatu ndiyo ya maamuzi, na ana kama sekunde moja tu ya kuamua. Senta wa wapinzani akibaki nyuma kulinda ringi, Middleton anadribo mara moja au mbili, anasimama mita 4 au 5 kutoka kwenye kikapu na kushuti. Senta akipanda kumzuia, Giannis ameshageuka anaelekea ringi bila mtu mbele yake, na pasi inarushwa juu. Mlinzi wa tatu akiacha kona kwenda kumziba Giannis, aliyesimama konani anabaki peke yake, na mpira unakwenda huko. Na wapinzani wakiamua kubadilishana watu, Middleton anabaki na senta mzito mbele yake, au mlinzi mfupi anabaki na Giannis. Hakuna jibu lisilo na gharama.

Mechi ya nne ya fainali dhidi ya Phoenix ilionyesha yote haya. Milwaukee walikuwa nyuma 2-1 katika mfululizo na waliingia robo ya mwisho wakiwa chini 82-76. Wengi hukumbuka jinsi Giannis alivyomzuia Deandre Ayton, senta wa Phoenix, juu ya ringi, na ni haki yao, kwani kilikuwa kitendo kikubwa. Lakini pointi za kuimaliza mechi zilitoka kwa Middleton. Alifunga 40 kwa jumla, zikiwemo 10 mfululizo za timu yake dakika za mwisho, na Milwaukee wakashinda 109-103. Mechi ya sita Giannis alifunga 50 na ubingwa ukapatikana. Ubingwa huo una jina la Giannis juu yake, sawa. Bila ile mechi ya nne wangekuwa nyuma 3-1.

Hapa kuna hesabu ambayo mashabiki wa takwimu huitumia kuyapinga mashuti ya masafa ya kati, yale yanayopigwa kati ya eneo la ringi na mstari wa pointi tatu, na inafaa kufanywa hadi mwisho. Shuti la masafa ya kati likiingia mara 45 kati ya 100, linaleta pointi 0.9 kila unapolipiga. Shuti la pointi tatu likiingia mara 36 kati ya 100, linaleta 1.08. Kuingiza mpira chini ya ringi kwa asilimia 65 kunaleta 1.3. Kwa hiyo ukiwa na sekunde 18 mkononi, shuti la masafa ya kati ni chaguo baya. Lakini mechi za mchujo zina mashambulizi mengi ambayo mpango wa kwanza umezimwa, wa pili umezimwa, na saa imebakiza sekunde 5. Wakati huo zile 1.08 na 1.3 hazipo tena mezani. Kilichopo ni shuti la pointi tatu la kulazimisha, mlinzi yuko usoni, linaloingia labda mara 25 kati ya 100, yaani 0.75. Mtu anayeweza kukupa 0.9 katika sekunde hizo ni mtu adimu. Ndiyo maana nasema mfungaji wa pili apimwe hasa kwa mashuti ya sekunde 6 za mwisho, na mashuti ya mapema yaachiwe mpango wa timu.

Jambo la pili ni dakika ambazo nyota yuko benchi. Hata katika fainali nyota hucheza kama dakika 40 kati ya 48. Zinabaki 8, na mechi nyingi huharibika humo. Makocha wazuri huwapishanisha: nyota anatoka mwishoni mwa robo ya kwanza, mfungaji wa pili anabaki na wachezaji wa akiba, akirudi nyota, wa pili anapumzika. Mpango huu unafanya kazi iwapo mfungaji wa pili anaweza kuongoza mashambulizi bila kusubiri kutengenezewa nafasi. Katika fainali ya kanda ya 2021 dhidi ya Atlanta, Giannis aliumia goti kwenye mechi ya nne na hakucheza mbili zilizofuata. Milwaukee walizishinda zote mbili. Katika ile ya sita Middleton alifunga pointi 32, na 23 kati ya hizo zilikuja ndani ya robo ya tatu peke yake.

Pasi nazo zina uzito wake, na hapa mfano mzuri ni Jamal Murray wa Denver. Katika mechi ya tatu ya fainali za 2023 dhidi ya Miami alipata pointi 34, ribaundi 10 (mipira iliyookotwa baada ya shuti kukosa) na asisti 10 (pasi zilizozaa kikapu), huku nyota wa timu Nikola Jokić naye akipata pointi 32, ribaundi 21 na asisti 10. Haikuwahi kutokea katika NBA wachezaji wawili wa timu moja wakafikisha pointi 30 kila mmoja, pamoja na angalau ribaundi 10 na asisti 10, kwenye mechi moja. Lakini mimi nampenda zaidi Murray wa mechi ya nne. Miami walianza kumrushia walinzi wawili kila alipopitia skrini. Mfungaji mwenye kiburi angejaribu kuwapita wote wawili. Murray aliuachia mpira mapema, akamaliza na pointi 15 tu, asisti 12, na hakupoteza mpira hata mara moja. Aaron Gordon akafunga 27, Bruce Brown 21 akitokea benchi, Denver wakashinda 108-95. Ukisoma karatasi ya pointi peke yake utasema Murray alikuwa na usiku mbaya.

Kuna siku nyota anashindwa kabisa kulenga. Mechi ya sita ya fainali za 2011, Dirk Nowitzki wa Dallas alipata kikapu kimoja katika mashuti 12 ya kipindi cha kwanza. Jason Terry, aliyekuwa akitokea benchi, alifunga 19 katika kipindi hichohicho na kumaliza na 27. Dallas walishinda 105-95 na kubeba kombe ugenini Miami. Mwaka mmoja kabla, katika mechi ya saba ya fainali kati ya Lakers na Boston, nyota wa Lakers Kobe Bryant aliingiza mashuti 6 kati ya 24. Mwenzake Pau Gasol naye alikuwa na mkono mzito, 6 kati ya 16, ila alikusanya ribaundi 18, tisa kati yake zikiwa za upande wa kushambulia. Lakers walishinda 83-79. Nguvu ya Gasol usiku ule ilikuwa kuipa timu mashambulizi ya ziada, na nadhani wanaotafuta mfungaji wa pili husahau kabisa kuuliza: huyu mtu akikosa, anafanya nini kinachofuata?

Klay Thompson, alipokuwa Golden State pamoja na nyota Stephen Curry, anastahili aya yake kwa jambo moja. Desemba 2016 dhidi ya Indiana alifunga pointi 60 ndani ya dakika 29, na katika mechi nzima alidribo mara 11 tu. Mfungaji wa namna hii hachukui mpira kutoka mikononi mwa nyota. Anakimbia, anazunguka skrini, miguu inakuwa imeshaelekea kwenye ringi kabla pasi haijafika, na shuti linatoka. Curry angeweza kudribo sekunde 15 nzima na bado Thompson akapata pointi zake. Kila dribo ambayo mfungaji wa pili haihitaji ni sekunde inayorudi kwa wenzake.

Kuhusu ulinzi nitasema kwa kifupi: mfungaji wa pili anayefichwa kwenye ulinzi atatafutwa na wapinzani kila shambulizi mpaka kocha amtoe, na akitoka, pointi zake zinatoka naye. Jaylen Brown wa Boston mwaka 2024 alipewa kazi ya kumkaba Luka Dončić, akafunga pia, na Boston walipoishinda Dallas 4-1 yeye ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, mbele ya nyota mwenzake Jayson Tatum.

Makosa ya kuunda timu hurudia yaleyale. Kubwa ni kuwaweka pamoja watu wawili wanaotaka eneo moja. Lakers ya 2021-22 ilimuunganisha LeBron James na Russell Westbrook, wote wakiwa hatari zaidi wakiwa na mpira mkononi wakielekea ringi. Majeruhi walikuwepo, hilo likumbukwe. Lakini Westbrook alifunga chini ya asilimia 30 ya pointi tatu msimu huo, na LeBron aliposhika mpira, mlinzi wa Westbrook alirudi ndani bila wasiwasi. Timu ilimaliza 33-49 na haikufika hata mechi za mchujo. Westbrook hakuwa mchezaji mbaya; alikuwa mfungaji wa pili asiyefaa kwa nyota yule.

Kosa lingine ni mfungaji wa pili kupoa. Anapitisha mashambulizi manne bila kugusa mpira, la tano anaupata, na anashuti hapohapo bila kutazama, ili naye aonekane yupo. Utaliona kwenye miguu: haijapangwa, bega limegeuka pembeni, shuti linatoka fupi na kugonga mbele ya ringi. Dawa yake iko kwa kocha zaidi ya mchezaji. Mpangie shambulizi moja katika tatu za kwanza za kila robo, mguso wa mapema katika eneo lake, hata kama mwisho wake ni pasi. Na kosa la tatu ni kumpa mpira ukiwa umechelewa. Nyota anadribo hadi sekunde ya 3, anakwama, anamtupia mwenzake mzigo. Shuti likikosa, lawama inaandikwa kwa jina la wa pili. Sheria nzuri ya mazoezini ni kwamba nyota akifika sekunde ya 8 bila upenyo, mpira lazima uhame.

Kwa wanaofundisha au kucheza chini ya kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu la kimataifa), kama ilivyo katika ligi za Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, haya yote yana uzito mkubwa zaidi, na sababu ni tatu. Kwanza, FIBA haina kanuni ya NBA inayomkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde 3 chini ya ringi bila kumkaba mtu. Senta anaweza kujipanga pale shambulizi zima, kwa hiyo nyota anayetegemea kuingia ndani hukutana na ukuta tangu dakika ya kwanza. Pili, mchezaji hutolewa kwa faulo 5, wakati NBA ni 6, na mechi ni ya dakika 40. Nyota mwenye faulo 2 katika robo ya kwanza hukalishwa benchi, na timu inabaki mikononi mwa wa pili mapema sana. Tatu, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, karibu kuliko mita 7.24 za NBA, hivyo walinzi wanaosaidia ndani huwa na hatua chache za kurudi kumfikia mshutaji. Shuti lazima litoke haraka.

Namna ya kumwandaa mtu wa kazi hii haihitaji vifaa. Chagua sehemu 5: kona mbili, pembe mbili za mstari wa mitupo huru, na kichwani mwa uwanja, yaani katikati, ukiitazama ringi moja kwa moja. Kila sehemu mashuti 10 ya kupokea na kurusha bila dribo, kisha 10 ya dribo moja kulia, 10 ya dribo moja kushoto. Hayo ni 150, yanachukua kama dakika 40 ukiwa na mwenzako wa kukurudishia mpira. Andika yanayoingia kwa kila sehemu, kwa sababu jumla peke yake huficha udhaifu. Mtu anaweza kuwa na asilimia 50 kwa jumla na asilimia 30 upande wa kushoto, na wapinzani watamsukuma huko usiku kucha.

Baada ya hapo weka mlinzi. Saa ianzie sekunde 7, mpira uanzie mkononi mwa mfungaji wa pili katika pembe, dribo zisizidi 3. Akikamilisha mashambulizi 5, akae chini kwenye benchi dakika 5 nzima bila kugusa mpira, mwili upoe, kisha ainuke na kupiga mitupo huru 2 mara moja na kuingia kwenye shambulizi jingine la sekunde 7. Wengi hukosa mtupo wa kwanza, na ndiyo sababu ya zoezi lenyewe: kwenye mechi hakuna anayemruhusu kupasha misuli upya. Mwisho, cheza watano kwa watano dakika 6 huku nyota wa timu akiwa nje ya mstari anatazama. Hesabu mambo mawili tu, pointi za timu na mipira iliyopotea. Timu ikifikisha pointi 10 na kupoteza mpira mara 2 au pungufu, kocha ana mtu wa kumwachia uwanja nyota akipata faulo ya pili.